Mitambo Iliyokataa Kuamkiana

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si ile zamani ya fisi kuvaa kanzu. Ni zamani ya juzi tu, kompyuta zilipoanza kuingia bonde la Mto Lukwavi zikiwa zimefungwa magunia zisiingie vumbi. Kando ya mto huo palikuwa na miji mitatu. Wa juu uliitwa Chemchemi, wa katikati Kivukoni, wa chini Bondeni. Mvua ikinyesha Chemchemi, Bondeni jua linawaka. Watu wa Bondeni wanaanika mpunga wao na kuimba, kumbe mafuriko yako njiani yanawafuata.

Kila mji ulikuwa na fundi wake wa kompyuta, na kila fundi alikuwa na mtambo wake, aliouunda kwa mikono yake akautia akili zake. Akili zake na kiburi chake pia. Nitafika huko, msiniharakishe.

Fundi wa Chemchemi alikuwa Mzee Ungando, mtu wa tumbo na maneno. Mtambo wake ulipima maji ya mto usiku na mchana, haukosei hata upana wa kidole. Fundi wa Kivukoni alikuwa Bi Siwatu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe. Mtambo wake ulikuwa hodari kuliko yote bondeni kote, na habari yoyote ya kutoka juu kwenda chini ilikuwa lazima ipite kwake. Fundi wa Bondeni alikuwa kijana mmoja, Mpendu. Mtambo wake aliuokoteza vyuma chakavu, akaufunga kwenye spika za harusini, zile za kutikisa mabati. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Mpendu mwenyewe alipenda sana mambo ya watu. Hilo nalo lishikeni.

Sasa sikilizeni upumbavu wa watu wenye akili.

Mzee Ungando aliufunza mtambo wake adabu: usiseme na mtu mpaka akuamkie. Bi Siwatu naye aliufunza wake adabu hiyo hiyo: usiseme na mtu mpaka akuamkie. Mpendu hakuufunza wake adabu yoyote. Ulikuwa unaingia bila hodi, unapayuka, unatoka. Wenzake wakaufungia mlango.

Ikawa basi. Mtambo wa Chemchemi unangoja shikamoo. Mtambo wa Kivukoni unangoja shikamoo. Mtambo wa Bondeni uko nje, umefungiwa. Bonde zima lina kompyuta tatu, na lina kimya kuliko lilipokuwa halina hata moja.

Siku moja Ungando na Siwatu wakakutana sokoni.

"Shikamoo, Mzee Ungando," akasema Siwatu.

"Marahaba, mwanangu. Sasa mbona mtambo wako hauna adabu kama wewe?"

"Mimi nakuamkia kwa kuwa ulitangulia kuzaliwa. Lakini mtambo wangu ulianza kuwaka kabla ya wako. Wako ndio mtoto. Uamkie wangu."

"Mtambo hufuata umri wa mwenyewe!"

"Ala! Basi na baiskeli yako tuishike miguu?"

Sokoni watu wakacheka mpaka nyanya zikamwagika. Ungando akaondoka amevimba. Hakuna mtambo ulioamkia mwenzake.

Msimu ule mvua ikanyesha Chemchemi mpaka vyura wakachoka. Mtambo wa Mzee Ungando ukaona maji yanapanda. Ukaona yamepita alama nyeupe, ukaona yamepita alama nyekundu ya hatari. Ulijua kila kitu. Ukakaa na habari mdomoni unangoja shikamoo. Mto haukungoja shikamoo ya mtu.

Pale Bondeni aliishi mjane mmoja, Bi Sikujua, asiyekuwa na mtoto. Alikuwa na jaruba la mpunga ambalo kila mtu alilitamani, halikauki masika wala kiangazi. Siku ile maji yalimkuta anasuka mkeka. Alishinda juu ya paa, yeye na jogoo wake na cherehani. Aliutukana mto kwanza, mto haukujali, akahamia kwa mafundi. Hapo mnacheka, nami nacheka, lakini mtoto wa jirani yake alitolewa majini kwa kuvutwa nywele, hapumui. Wakamkandamiza tumbo weee, ndipo akalia. Siku ile hakuna aliyecheka.

Maji yalipopungua Bi Sikujua aliwaita mafundi wote watatu. Akawasimamisha kwenye tope.

"Shikamoo, bibi," wakasema wote kwa pamoja.

"Mmeona? Kumbe mnajua kuamkia!" akawaambia. "Sasa nisikilizeni. Mimi sina wa kunirithi. Atakayefanya habari itangulie maji, jaruba langu ni lake. Nimesema atakayefanya, sikusema watakaofanya. Jaruba lile lina mdomo mmoja wa maji, mkiligawa mtalikausha. Na msipoweza, sisi wa Bondeni tunahama wote. Mji tutawaachia viboko."

Mafundi wakatazamana. Kila mmoja moyoni alikwisha kuvuna.

Mzee Ungando ndiye aliyeanza. Aliwaita wenzake kwenye banda la mashine ya kukoboa mpunga, kwa sababu pale umeme haukatiki. Wakabishana mpaka sauti zikakauka, wakatawanyika. Akawaita tena. Wakabishana, wakatawanyika. Akawaita tena, safari hii akapika wali kwa samaki, maana alijua hakuna anayesusa mkutano wenye wali. Kila wakija, hoja ni ile ile: nani mkubwa?

Siku ya wali, Ungando alinyamaza ghafla na tonge mkononi.

"Hebu niambieni," akasema. "Mtu akifika mlangoni kwa watu, nani anaanza kusema? Mkubwa au mdogo?"

"Aliye nje," akasema Mpendu.

"Hata akiwa babu yako?"

"Hata babu yangu anapiga hodi, mzee. Asipopiga, bibi atamrushia mwiko."

"Basi!" Ungando akaruka, wali ukamwagika. "Tulikuwa tunauliza nani mkubwa, kumbe la kuuliza ni nani yuko nje!"

Akachukua mkaa, akaandika ukutani mwa banda. Anayekwenda ndiye apige hodi, awe mkubwa awe mdogo. Apige mara tatu, asipoitikiwa arudi, apumzike, aje tena, asivunje mlango wala asichungulie dirishani. Akikaribishwa ataje atokako na lililomleta, na mwenyeji alirudie neno kwa neno, ijulikane limesikika. Wageni wakiwa wengi wapange foleni barazani, aliyetangulia asikilizwe kwanza.

"Ongeza moja," akasema Siwatu. "Mwenye msiba apishwe."

"Mwanangu, nani katika bonde hili atasema lake si msiba? Yule Kindamba muuza kuku akikosa mnunuzi, kwake ni msiba. Kila mtu atakuja analia, foleni itakufa."

Wakacheka. Neno lile halikuandikwa.

Lakini Siwatu hakucheka. Mtambo wake ulijua zaidi ya yale yaliyoandikwa ukutani. Ulijua kupokea wageni wengi kwa wakati mmoja. Ulijua kutofautisha kilio na soga. Kuyafuata mapatano ilimpasa aung'oe ujuzi ule wote, maana mtambo hauwezi kufuata taratibu mbili.

"Mnataka niukate miguu mtambo wangu," akasema, "ulingane na yenu iliyozaliwa viwete."

"Da Siwatu," Mpendu akamjibu taratibu, "wako ni hodari, hatukatai. Lakini unazungumza na nani?"

Siwatu akainuka. Alirudi Kivukoni akang'oa kifaa kimoja baada ya kingine, machozi yanamtiririka juu ya waya. Wateja wake wakamcheka, wakasema fundi amerogwa, anabomoa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Na Mpendu je? Mpendu alikula yamini mbele ya wenzake kwamba ataufunza mtambo wake hodi na kuacha utovu wote wa zamani. Akaufunza. Akaacha utovu wote. Isipokuwa mmoja. Aliacha kidirisha kidogo sana ndani ya programu yake, ambacho mtambo wake ulikitumia kuchungulia baraza ya Kivukoni na kusoma habari za wageni waliokuwa wakingoja zamu. Mnaniuliza kwa nini? Kwa umbea tu! Hakuwa na sababu nyingine.

Asubuhi ya kwanza watu walijaa penye kila mtambo. Mtambo wa Chemchemi ukasema, "Hodi." Mtambo wa Kivukoni ukasema, "Karibu." Jamani, vigelegele! Mzee Ungando alilia kama aliyeozesha binti. Kisha Kivukoni ukasema hodi kwa Bondeni, Bondeni ukasema karibu, spika zikapasua anga.

Na kwa kuwa mapatano yaliandikwa ukutani, si mfukoni mwa mtu, kila aliyejua kusoma akayachukua. Zahanati ikaunda mtambo wake. Shule ikaunda wake. Kindamba, yule muuza kuku, akaunda wake. Hakuna aliyekwenda kuomba ruhusa kwa Ungando wala kumbembeleza Siwatu. Ukijua kupiga hodi, umeingia. Habari za bonde zima zikawa zinakwenda na kurudi, na baraza ya Kivukoni ikawa haina nafasi hata ya kutema mate. Kule Bondeni watu wakaanza kushangaa: mbona Mpendu anajua fulani ameachwa kabla fulani mwenyewe hajajua?

Hadi siku ile.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Bondeni jua kali, mpunga umeanikwa. Kule juu mawingu yalikuwa yamepasuka. Mtambo wa Chemchemi ukaona maji yamepita alama nyeupe, yamepita nyekundu, yanaendelea. Haukungoja shikamoo. Ukaenda Kivukoni ukapiga hodi kwa adabu zote. Ukakaribishwa. Ukaambiwa: keti barazani, ngoja zamu yako.

Mbele yake alikuwa Kindamba na kuku wake. Alimtaja kila kuku, rangi yake, mwendo wake na tabia yake. Na mtambo wa Kivukoni, kwa mapatano, ukamrudia kuku mmoja mmoja neno kwa neno. Baada ya Kindamba ilikuwa zamu ya nani? Ya Mzee Ungando mwenyewe! Alikuwa anaoza binti, na mwaliko wake wa harusi uliwataja wajomba, mashangazi, wakwe, na wakwe wa wakwe. Neno kwa neno.

Bi Siwatu akaiona habari ya maji imekaa nyuma ya mwaliko. Akarukia mtambo aisukume mbele. Akatafuta kile kifaa cha kutofautisha kilio na soga. Akakumbuka kwamba aliking'oa kwa mkono wake. Akashika kichwa, akatoka mbio kuelekea Bondeni kwa miguu, anapiga kelele, na Bondeni iko mbali.

Wakati huo Mpendu alikuwa kidirishani kwake. Hakuwa anatafuta mafuriko, jamani. Alikuwa anatazama nani amealikwa harusini na nani ameachwa, apate la kuwaambia watu jioni. Macho yake yakapita wajomba, yakapita mashangazi, yakatua nyuma ya mwaliko. Akasoma: natoka Chemchemi, lililonileta ni maji, yamepita alama nyekundu.

Akawasha spika. "Jamani maji! Maji yanakuja! Pandeni kilimani!"

Watu wakatazama juu. Jua. Wakatazama mto. Umelala. "Mpendu," wakamwambia, "leo umekula nini?"

"Nimesoma mwenyewe! Iko barazani kwa Siwatu!"

"Barazani kwa Siwatu hakusomeki. Mapatano tunayajua. Muongo wewe."

Mpendu akaona watu wanarudi kuanika mpunga. Akaona watoto wanachezea pale pale ukingoni. Akafumba macho, akasema kwenye spika, mji mzima unasikia: "Bi Sikujua! Wiki iliyopita ulimpelekea habari mzee muuza ugoro wa Chemchemi. Ulimwita sukari guru yangu! Nimeona kwa macho yangu haya, na kama niliona ile, basi na hii ya maji nimeiona!"

Watu wakamgeukia bibi. Bi Sikujua akasimama na ungo wake, uso unamuwaka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini alijua lile neno lilitoka kwake na likaenda kwa mtu mmoja tu.

"Huyu mshenzi anasema kweli," akasema. "Kimbieni!"

Akatangulia yeye, mji ukamfuata. Wakafika kilimani, mto ukafika nyumbani kwao. Siwatu alikuwa bado njiani. Yalibebwa mabati, ikabebwa mikeka, ukabebwa mpunga. Mtoto hata mmoja hakubebwa. Na hapo ndipo mwaliko wa Mzee Ungando ulipokwisha kurudiwa, na habari ya maji ikapewa zamu yake kihalali. Ikaenda Bondeni kwa adabu. Hodi. Hodi. Hodi. Mtambo wa Mpendu ulikuwa chini ya maji. Habari ikarudi, ikapumzika.

Mto uliposhuka uliacha tope jeusi tamu, na miche ya mpunga huko kitaluni kilimani ilikuwa imefika kiasi cha kupandwa. Bi Sikujua akaenda ukingoni mwa jaruba lake na jembe. Mafundi watatu wakaja.

"Jaruba ni langu," akasema Mzee Ungando. "Nani aliwaita? Nani aliwapikia? Nani alijua kwamba la kuuliza ni nani yuko nje? Huyu Mpendu alichungulia, sawa. Lakini alichokiona alikielewaje? Kiliandikwa kwa mapatano yangu, atokako na lililomleta. Zamani angechungulia angeona vurugu tu."

"Mapatano yako hayo hayo yalitanguliza wakwe wa wakwe," akasema Siwatu. "Jaruba ni langu. Maneno ukutani ni mkaa tu mpaka mtu akubali kupoteza kwa ajili yake. Ninyi mlipoteza nini? Wewe ulipoteza wali. Huyu hakupoteza hata umbea wake. Mimi niling'oa mtambo wangu, nikachekwa, nikanyamaza. Nisingeinama, mapatano yangekuwa ya nani na nani? Na nilisema mwenye msiba apishwe. Mkacheka."

"Ulisema," akajibu Ungando. "Na neno lile lingeandikwa, Kindamba angekuwa wa kwanza kulia."

Mpendu alikuwa anachora tope kwa kidole cha mguu. "Jaruba ni langu," akasema, lakini kwa sauti ndogo. "Bibi ulisema atakayefanya habari itangulie maji. Hukusema atakayeandika, hukusema atakayelia. Habari ilitangulia maji kupitia kinywa changu. Ningekuwa mwema ningekuwa nimengoja hodi, na mngekuwa mnazika."

"Ulikula yamini!" Siwatu akamrukia. "Umesoma barua za bonde zima!"

"Nimesoma."

"Ukanivua nguo mbele ya mji," akasema Bi Sikujua. Sauti yake haikuwa ya hasira peke yake. "Yule mzee hajaniandikia tena. Anaona haya. Nina uhai, sina wa kuzungumza naye."

Mpendu akainamisha kichwa.

Bi Sikujua akalitazama jaruba, akawatazama wao. "Nikimpa Ungando," akasema, "kila mwenye maneno mengi atasema ndiye aliyetuokoa. Nikimpa Siwatu nitakuwa nimelipa machozi, na nilichoahidi kulipa ni habari. Nikimpa Mpendu, kesho kila fundi katika bonde hili ataacha kidirisha ndani ya mtambo wake, na atasema ni kwa ajili ya mafuriko. Na siku moja atakayechungulia hatakuwa anatafuta habari za harusi. Lakini nisipompa, siku nyingine mtu akiona maji atafunga dirisha lake aketi, asije akaitwa mshenzi."

Akanyoosha jembe. Mikono mitatu ikaudaka mpini: mmoja mnene, mmoja mwembamba wenye makovu ya waya, mmoja wa kijana. Hakuna aliyeachia. Miche inangoja, na tope limeanza kukauka juu.

Mimi nimefika mwisho wa njia yangu, sitii neno. Wewe uliyeguna nilipomtaja Mpendu, na wewe uliyecheka Kindamba akihesabu kuku, semeni leo na msinitupie mimi. Mngekuwa ninyi ndio Bi Sikujua, mikono ipi miwili mngeibandua, na upi mngeuachia ule mpini?